Nimejua Ugonjwa wa Anayetaka Kunioa, na Niliapa Kunyamaza

Mpendwa Mshauri Rahab,

Nisaidie, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote nyumbani, na nimechagua gazeti lako la Kiswahili kwa kuwa kwetu husomwa magazeti mengine, na hata likiingia mlangoni litakuwa limefungiwa mboga.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Nakuru, wa familia ya Kihindu yenye duka mjini, na nilisomea takwimu chuo kikuu. Tangu mwaka jana nafanya kazi na daktari mmoja, nitamwita Daktari Wawira, anayechunguza mshtuko wa moyo katika Bonde la Ufa, na uchunguzi wake si wa kuwapima watu bali wa kukusanya kumbukumbu za wagonjwa kutoka hospitali nyingi, maelfu kwa maelfu, na kuziweka pamoja kwenye kompyuta ili ionekane nani hushikwa, kwa umri gani, na nini humpata baadaye, maana mgonjwa mmoja ni habari ya mtu mmoja, lakini wagonjwa elfu kumi wakikaa pamoja unaanza kuona njia wanayopita wote. Kabla kumbukumbu hazijanifikia jina hufutwa, hubaki nambari, umri, kazi, mji na maneno ya daktari aliyemtibu, na siku ya kwanza niliapa kwamba nikimtambua mgonjwa yeyote sitamtafuta wala kumtaja nje ya ofisi.

Mwezi wa sita familia moja ilikuja kwetu kuniona kwa ajili ya mtoto wao, nitamwita Yash ingawa si jina lake, anayefanya biashara ya vioo, na baada ya chai tuliruhusiwa kukaa barazani tuzungumze huku Foi, dada ya baba aliyeileta posa, akitutazama kupitia pazia. Yash akaniambia, "Nasikia kazi yako ni kuhesabu wagonjwa. Mimi utaniweka safu gani?" Nikamjibu kwamba ya wenye maswali mengi, akacheka sana, kisha cheko likakatika, akajishika kifua na kuinama kidogo, na jasho likamtoka juu ya mdomo. "Gesi tu," akasema. "Mummy ananiambia nipunguze chai." Nami nikanyamaza kwa sababu ya haya. Amekuja tena mara kadhaa tangu hapo, na yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye nikimweleza ninachofikiri haangalii saa, na nimempenda, Mshauri, nalitamka hapa kwa mara ya kwanza.

Mwezi uliopita tulipokea kumbukumbu za hospitali nyingine, na asubuhi moja nikakuta hii: mwanamume, miaka thelathini na moja, mfanyabiashara wa vioo, Nakuru, aliletwa na marafiki kutoka Kikopey alikokuwa akila nyama choma, mshtuko wa moyo, ameomba familia isiambiwe alikokuwa, ameondoka kesho yake kwa hiari yake kabla ya matibabu kukamilika, hakurudi kliniki. Sisi hatuli nyama, na mama yake Yash hula chakula cha nyumbani kwake tu asije akalishwa kilichopikwa kwa sufuria iliyogusa nyama. Novemba mwaka jana, tarehe zile zile, jumuiya yetu yote iliambiwa kwamba gari la Yash liliingia mtaroni karibu na Gilgil, na mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwapa pole, akarudi akisema ni muujiza wa Mungu, kijana hana hata mkwaruzo. Kisha ikaja Januari na ghasia za baada ya uchaguzi, barabara zikafungwa, maduka yakafungwa, kila mtu akawa na maumivu yake na hakuna aliyeuliza ya mwenzake.

Sijui kama alielewa alichoambiwa na madaktari au kama anaogopa zaidi mama yake kujua habari ya nyama. Najua tu kwamba hana dawa, na katika zile kumbukumbu, ingawa kazi haijakamilika, nawaona walioondoka kama yeye wakirudi mara ya pili, na wengi hawaondoki tena.

Foi anataka jibu kabla ya Jumapili ijayo. Jana aliniambia mbele ya jamaa wote, "Beta, mwanangu, umesoma mpaka unapima wanaume kwa rula. Unangoja mume atoke ndani ya kompyuta?" wakacheka, nami nikacheka nao. Nikikataa bila sababu nitaaibisha nyumba mbili, na mdogo wangu ataulizwa kosa langu siku ya posa yake, nikikubali huenda nikavaa nguo nyeupe ya ujane kabla sijafika thelathini, na nikisema ninachojua nitakuwa nimevunja kiapo, nimemvua nguo Yash mbele ya mama yake, na hospitali zikisikia zitafunga milango yao na kazi ya Daktari Wawira, ambayo ingeweza kuokoa watu ambao sitawaona kamwe, itakufa kwa sababu yangu. Usiku na mchana napima na mizani hailali upande wowote. Nifanye nini?

Msichana wa Takwimu, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Binti, pole. Umebeba mzigo ambao hukuutafuta, na hilo nalijua.

Kabla ya kuchapisha barua yako nimebadilisha biashara ya kijana, mahali alipoangukia na mambo mengine mawili matatu, kwa hiyo msomaji anayedhani amemtambua asijisumbue. Lakini iliponifikia ilikuwa na kila kitu isipokuwa jina lake. Unaogopa kuvunja kiapo? Umeshakivunja, kwa mtu usiyemjua, ili upate nafuu. Sikwambii hivyo ulie. Nakwambia kwa sababu siri hii imekwisha kukushinda kuiweka, na lazima sasa iende inapostahili.

Uliapa kutomtaja nje ya ofisi. Ndani ya ofisi nani amekukataza? Umekaa chumba kimoja na Daktari Wawira mwezi mzima na hukufungua kinywa. Nadhani kuna sababu ambayo hukuiandika. Ukimwambia, jambo hili halitakuwa lako tena. Atalishika yeye, na wewe utabaki msichana anayesubiri kama wengine. Kujua peke yako kunauma, lakini pia kunakufanya ujione mkubwa. Liache.

Hebu soma tena barua yako. Foi, posa, mdogo wako, nguo nyeupe, jina la nyumba, yote umeyaeleza kwa kirefu. Kwamba kijana hana dawa, hilo umelitolea sentensi moja.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla hujawasha kompyuta, mwone Daktari Wawira. Mwambie umemtambua mgonjwa, una uhusiano naye, na hutaki kuigusa tena kumbukumbu hiyo. Nimemuuliza daktari ninayemwamini, bila kumtajia lolote lako, akaniambia hospitali iliyomtibu mtu inaweza kumwita mgonjwa wake aliyekatiza matibabu. Daktari Wawira ataipa hospitali nambari ya kumbukumbu hiyo, nayo itamwita mgonjwa wake kwa siri, na mama yake hatahitaji kusikia habari ya nyama. Huo ndio mlango halali, na haufungi kazi ya mtu yeyote.

Foi mwambie hujawa tayari kujibu. Huo si uongo. Akikutania, mwache akutanie. Sijasikia mtu aliyekufa kwa kutaniwa na shangazi. Na Yash usimwulize maswali ambayo majibu yake unayo. Huo ni mtego, na mwanamume aliyenaswa hasahau. Mambo ya Kikopey ni yake. Akitaka atakueleza mwenyewe, na siku hiyo ndipo utakapojua kama kuna ndoa hapa au hakuna.

Lakini kuna jambo moja ambalo hukulitoa kwenye kompyuta, na ndilo linalonifanya nikugombeze. Alijishika kifua mbele yako. Alitoka jasho. Uliliona kwa macho yako, barazani kwenu, mchana kweupe, kabla hujasoma chochote. Hakuna kiapo juu ya hilo. Hata mama wa kuuza mboga angemwambia, "Kijana, hiyo si gesi, nenda hospitali." Wewe, uliyesoma vifua vya maelfu ya watu, ulinyamaza kwa haya, na baada ya kujua ukanyamaza kwa kiapo. Kiapo kilikukataza kusema ulichokisoma. Ulichokiona ni chako kusema.

Mwambie hivi: "Siku ile uliponishtua, niliogopa. Nataka ukapimwe moyo wiki hii, na nitakuuliza kama umeenda." Usiongeze neno. Akicheka, rudia. Akikasirika, akisema unamkagua kama bidhaa, akimwambia mama yake kwamba msichana huyu ana mdomo, posa ikavunjika, basi ivunjike. Utalia, na yeye atakuwa hai kukukasirikia.

Hili la pili halingoji Jumatatu. Ukifika mwisho wa ukurasa huu, weka gazeti chini umpigie Yash simu.