Maboksi Matupu ya Loyce

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Loyce, binti wa kaka yangu, amefeli famakolojia, somo la dawa: alama 43, kufaulu ni 50. Kanieleza mwenyewe, kabla sijafungua begi. Anarudia mtihani tarehe 1 Septemba. Akifeli tena, chuo cha uuguzi basi — anaishia mwaka wa pili. Likizo yangu ni wiki tatu, hapa Lufingo kwa Mama. Nitaona.

Kaleta madaftari. Manne, kalamu za rangi tatu, mwandiko kama wa kadi ya harusi. Nikafunga moja, nikamuuliza dawa aliyoinakili jana inatibu nini. Akalinyooshea mkono.

"Ukilifungua nakumbuka, shangazi."

Tatizo ndilo hilo.

Jumatano, 13 Agosti
Kalamu za rangi zimeingia kabatini. Loyce karudi toka mjini na mfuko wa maboksi matupu ya dawa, ameyaomba kwa Boazi mwenye duka la dawa. Kayamwaga kwenye kikapu cha Mama. Mpango wake: kila asubuhi akishakamua ng'ombe, bibi yake anachomoa boksi lolote. Mama hajui kusoma, haimsumbui. Loyce aeleze inatibu nini, inatolewaje, hatari yake ipi. Kwa Kinyakyusa! Bibi asipoelewa, boksi linarudi kikapuni.

Leo kumi na mawili. Yamerudi kumi na moja. Loyce kajaribu kujificha kwenye Kiingereza, Mama kamkatisha: "Sema kama watu."

Jumamosi, 23 Agosti
Ukungu hadi saa nne. Mama anauliza yasiyoulizwa chuoni. Leo kachomoa boksi la dawa ya maji ya homa. Mtoto wa jirani yetu Jacob, kilo kumi na moja, apewe kiasi gani? Loyce kapiga hesabu haraka: mililita 69.

"Vijiko vingapi?"

"Vya chai... kumi na vinne kasoro kidogo."

"Kumi na vinne! Unampa dawa au uji?"

Nikasoma boksi: chupa nzima ni mililita 60. Kumbe kasogeza nukta. Jibu ni 6.9. Loyce hakucheka. Kasema angemdhuru mtoto wa watu, akachukua karatasi mpya, akaanza upya. Kuanzia leo kila hesabu anaigeuza vijiko kwanza, ndipo aandike jibu. Mimi mwandishi wa habari nimehoji wakubwa miaka ishirini na miwili. Wachache wamewahi kukiri kosa haraka hivyo.

Alhamisi, 28 Agosti
Maboksi arobaini. Yamerudi mawili. Wenzake wamepiga simu, aende wakakeshe. Kakataa: akikesha, anasoma kwa macho tu. Saa tatu alikuwa kalala.

Jumatatu, 1 Septemba
Mtihani umeanza saa tatu, umeisha saa sita. Nilisubiri getini. Wametoka wakilinganisha majibu kwa kelele. Tupokigwe, anayekaa naye chumba kimoja bwenini, kamshika mkono: "We, namba saba umeweka nini?"

"Ngoja kwanza, mwenzangu."

Kakaa kwenye ngazi, kaandika maswali aliyoyatilia shaka kabla hayajamtoka. Manne. Ndipo akafungua kitabu. La kwanza kakosa — kaandika "nimekosa", akaendelea. La pili kapata. Sasa anatafuta la tatu. Chai niliyomletea inapoa mkononi mwangu. Mwalimu Nelson, msimamizi wa mtihani, kasema matokeo yatabandikwa ubaoni Ijumaa tarehe 12, saa nane mchana.