Kukaimu Nafasi ya Asiyerudi

Kwako Dada Rehema,

Kukaimu ni kushika nafasi ya mtu ambaye hayupo, kwa jina lake na kwa muda, huku nafasi yenyewe ikiendelea kuwa yake. Maana hii ina sehemu tatu, na hakuna hata moja inayoweza kuondolewa: lazima iwepo nafasi, lazima awepo mwenye nafasi, na lazima kuwe na sababu ya kuamini kwamba mwenyewe atarudi. Ikikosekana ya kwanza, anayekaimu anajidanganya. Ikikosekana ya pili, anarithi. Ikikosekana ya tatu, sijui anafanya nini hasa, na ndiyo maana nakuandikia.

Jumatatu nilipokea barua ya kunithibitisha kuwa Mkutubi Mkuu wa maktaba yetu hapa Jinja, kazi uliyoifanya wewe tangu kabla mimi sijaajiriwa. Natakiwa kuitia saini na kuirudisha kesho, Ijumaa. Wewe umelala Mbale mwaka wa tatu sasa, na kwa muda wote huo, chini ya kila waraka uliotoka maktabani, nimeendelea kuandika kwamba ninakaimu. Wasomaji wa barua hii ambao hawakukujua watauliza inawezekanaje mtu akaimu nafasi ya marehemu. Wana haki ya kuuliza. Ila neno hilo, kwetu wawili, halikuwa la ofisini.

Utakumbuka mwanzo wake. Uliniachia dawati kwa juma moja ulipokwenda kumwona mama yako kule Namatala, Mbale, na mimi, niliyetoka chuoni na Kiswahili cha vitabuni, niliandika kwenye kipande cha boksi KAIMU MKUTUBI, nikakisimamisha mbele yangu. Ofisi zetu huandika Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyekielewa. Nilikiandika kwa ajili yangu mwenyewe, kwa majivuno. Uliporudi ulikisoma ukiwa umesimama, mkoba bado begani.

“Huyu Kaimu ni nani? Nimeenda wiki moja tu, mumesha leta mutu mupya?”

Nikaeleza. Nilieleza kirefu, nadhani nilitaja hata asili ya neno katika Kiarabu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukacheka hadi ukakaa chini. Kuanzia siku hiyo hukuniita tena kwa jina langu. “Kaimu, kuja hapa.” “Kaimu, hii kitabu inaenda wapi?” Nikikusahihisha kwamba ni *kitabu hiki*, ulikuwa unakigeuza na kukitazama jalada. “Kwani imekasirika?”

Kiswahili chako ulikipata katika nyumba za askari magereza, ambako baba yako alifanya kazi na ambako watoto wa Kiteso, Kiacholi na Kinubi hamkuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Changu kilikuwa na sarufi. Chako kilikuwa na watu. Wakati ule niliona tofauti hiyo kuwa upungufu wako. Naiandika hapa bila kujitetea.

Safari yako ya pili ilikuwa ya majuma matatu, na ndipo nilipofanya kosa ambalo hukuwahi kulitaja mbele za watu. Rafu zako hazikufuata namba. Vitabu vya ukunga vilikaa jirani na Kurani na Biblia. Vitabu vya nyuki vilikuwa katikati ya vitabu vya sheria. Niliita hali hiyo fujo. Kwa siku kumi na tano nilishusha kila kitabu, nikakipa namba yake, nikakirudisha mahali panapostahili katika mpango unaotumika duniani kote. Ulipoingia ulitembea kutoka rafu ya kwanza hadi ya mwisho, ukivigusa vitabu migongo. Kisha ukaniambia, kwa sauti ya chini kabisa:

“Mimi nilikuachia kiti, Kaimu. Wewe umehamisha nyumba.”

Nilitoa hoja. Ulikubali hoja zote. Asubuhi iliyofuata aliingia yule mfuga nyuki wa Bugembe aliyekuwa na kesi ya shamba, akasimama mbele ya rafu ya sheria, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyekuta mlango wa jirani umejengwa ukuta, akatoka. Hapo nikaelewa kwamba ulichokuwa umepanga hakikuwa vitabu. Mfuga nyuki alisoma sheria kwa sababu aliifikia akiwa anatafuta nyuki. Mkunga alikuta maombi pale alipoishiwa maarifa.

Hukurudisha kitu. Ulisema, “Iache hivyo. Namba ni nzuri. Lakini sasa utasimama mulangoni, na kila mutu akiingia utamuuliza anatafuta nini, na kwa nini.” Nilisimama mlangoni miezi miwili. Niliichukulia kuwa adhabu. Leo kila mfanyakazi mpya anaanza kazi kwa kusimama mlangoni, na nikiulizwa maktaba hii ilikuaje kutoka chumba kimoja cha mbele ya duka la zamani hadi kuwa na ghorofa nzima, sina jibu lingine la kweli. Watu waliulizwa wanatafuta nini. Wakarudi na wenzao.

Kuna alasiri moja ambayo nairudia mara nyingi kuliko nyingine zote. Ulikuwa umeanzisha saa ya Kiswahili siku za Jumatano, na nilikwambia hatapatikana mtu, kwa sababu katika mji huu wazee waliisikia lugha hiyo ikitoka kwenye vinywa vya watu wenye bunduki. Walikuja wanne. Wa nne alikuwa mama mmoja muuza dagaa wa soko kuu, ambaye hakukaa. Alisimama karibu na dirisha, kapu mkononi.

“Mimi hiyo lugha naijua maneno mbili tu,” alisema. “*Leta*, na *lala chini*.”

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nikitafuta sentensi ya kistaarabu kuhusu historia. Wewe ulivuta kiti chako mwenyewe, ukakipangusa kwa kiganja, ukampelekea.

“Basi leo chukua ya tatu, mama. *Karibu kiti*.”

Alikaa. Alikuja Jumatano zote za mwaka ule. Sijui kama nimewahi kuona kazi yetu ikifanywa vizuri zaidi ya hapo, na ilifanywa bila kitabu.

Halafu mama yako akazidiwa, akawa wa kitandani. Uliomba ruhusa ya wiki mbili. Mlangoni uliniambia, “Kaimu, safari hii usihamishe nyumba,” nami nikaahidi. Wiki mbili zikawa miezi. Nilikuja Namatala nikakukuta mlangoni, ukimlisha mama yako uji kwa kijiko kidogo, na kabla hujaniuliza habari ya safari uliuliza, “Nyumba iko?” Nikajibu ipo, kila kitu kipo palepale. Nilijibu kwa fahari. “Palepale?” ulisema. Sikuusikia mshangao uliokuwa ndani ya swali lile, nimeusikia baadaye.

Mama yako alifariki, na wewe ukabaki kuweka nyumba sawa, na ugonjwa ambao hukunitajia kwenye simu ukakuchukua ukiwa hukohuko. Nilipata habari asubuhi. Nilipofika Mbale alasiri, ulikuwa umeshazikwa, kama inavyotakiwa. Ndugu zako walikuwa wananawa mikono. Nilisimama mbele ya udongo mbichi ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote, nami, mtu mwenye akili ya kupima ushahidi, nikaamua, bila kujitambua, kwamba ushahidi wa kifo chako hautoshi.

Nilirudi Jinja nikaendelea kukaimu. Kilichotakiwa ni kurasa mbili tu: taarifa kutoka maktabani kwamba nafasi iko wazi. Mwenye wajibu wa kuiandika nilikuwa mimi. Mimi ninayerudisha waraka kwa sababu ya nukta iliyokosewa, sikuiandika taarifa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili. Kila ilipoulizwa nilisema inaandaliwa. Niliamini kwamba kutoandika hakuna madhara kwa mtu yeyote. Kwamba ni jambo kati yangu na wewe.

Haikuwa kweli. Mwaka jana wakazi wa Walukuba walitenga ukumbi wao, wakaupaka rangi, wakaomba tufungue tawi la maktaba, kwa sababu watoto wa kule huacha kuja mjini mvua zikianza. Nilipokea barua yao, nikawajibu kwa heshima kwamba uamuzi wa namna hiyo ni wa Mkutubi Mkuu, na mimi ninakaimu tu. Walileta barua ya pili. Nikawapa jibu lilelile. Ukumbi ulikaa na rangi yake mpya na milango iliyofungwa kwa misimu miwili ya mvua.

Kagoya unamkumbuka, ulimwajiri wewe kwa ajili ya chumba cha watoto, akiwa na mwanawe wa tatu mgongoni. Si mtu wa maneno mengi. Mwezi mmoja uliopita alikuja ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

“Mukubwa, unakaimu nani?”

“Kagoya, unajua.”

“Najua. Nataka useme.”

“Dada Rehema.”

“Dada Rehema alifariki,” alisema. “Watoto wa Walukuba hawajafariki.”

Akafungua mlango akarudi kwa watoto wake. Kwanza nilikasirika, kisha nikafanya ninachojua kufanya, yaani kuikagua hoja. Haikuwa na ufa. Kaimu hubadilisha machache iwezekanavyo kwa sababu anatunza mali ya mtu atakayerudi kuikagua. Kurudi huko kukiondoka, kutobadilisha kwake si uaminifu tena. Ni woga uliovaa adabu. Nilikuwa nimeyashika maneno yako ya mwisho mlangoni kama amri isiyo na mwisho, ilhali wewe mwenyewe hukuwahi kuiacha rafu ikae palepale ikiwa msomaji amehama. Ndicho ulichokuwa unaniuliza Namatala, na kijiko mkononi.

Niliandika taarifa usiku huohuo. Kurasa mbili, kama nilivyojua. Sentensi iliyonichukua saa nzima ilikuwa fupi kuliko zote: *Nafasi iko wazi.* Nimewahi kuandika sentensi ngumu zaidi, lakini hakuna niliyoandika huku nikihisi kwamba ninakutoa chumbani kwa mkono wangu.

Sasa barua ya uthibitisho iko hapa mezani. Kuna jambo moja ambalo sikumweleza Kagoya wala mtu mwingine yeyote, na nalisema hadharani kwa kuwa wewe hukupenda siri za ofisini. Wafanyakazi wananiita Mkubwa. Wasomaji wananiita kwa jina la baba. Hakuna aliyebaki duniani anayeniita Kaimu. Kwa kadiri nilivyoliandika neno hilo chini ya kila waraka, palikuwa na mahali ambapo ulikuwa bado unaniita. Hiyo ndiyo sababu nzima. Si ya kiutawala, na ningeikataa kama angeniletea mtu mwingine.

Nimetia saini, Dada. Nimetia saini kwa wino, nikaandika cheo kizima bila neno *kaimu* mbele yake, kisha nikaandika barua ya pili, kwa watu wa Walukuba, kwamba Jumatatu tutakuja na vitabu. Sikuvipanga kwa namba peke yake. Kagoya amekwenda huko mara nne kuwauliza watu wanatafuta nini, na kwa nini, na orodha aliyoileta ingekufurahisha: uashi, kisukari, barua za kuomba kazi, hadithi za kutisha, na mzee mmoja anayetaka ramani ya mahali ambapo kiwanda chake kilikuwa. Hakuna mpango wowote wa dunia unaoviweka hivyo pamoja. Vitakaa pamoja.

Nakuaga, kwa kuwa sikuwahi kukuaga. Maana niliyoianzia imetimiza kazi yake: nafasi ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Lakini sehemu ya tatu, ile ya kuamini kwamba aliyeondoka atarudi, imebaki mkononi mwangu, haikwenda na nafasi wala na mwenye nafasi, na kila mlango wa chini unapofunguliwa asubuhi bado nainua kichwa. Mtu akishaacha kukaimu, Dada, ni nani wa kumwandikia barua ya kumwondoa katika kungoja?

Mdogo wako wa kazini,
Jinja