Nimefuta Maandishi ya Baba Mkwe, Naye Anajilaumu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie na tafadhali usinitaje, nakuandikia kwa simu nikiwa nimejifungia stoo kwa sababu kompyuta ya nyumbani ndiyo iliyoniponza na siwezi hata kuitazama.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia na foronya hapa hapa nyumbani, na tunaishi na baba mkwe, dereva wa lori mstaafu, mzee mpole ambaye tangu mama mkwe afariki amekuwa akikaa mbele ya kompyuta kila alasiri akiandika habari za mkewe kwa kidole kimoja, walivyokutana, walivyogombana, mama alivyokuwa akiimba kila akikasirika, ili wajukuu waliozaliwa baadaye wamjue bibi yao, na macho yake yanazidi kufifia kwa hiyo herufi zake ni kubwa kama za bango. Basi nami nina tabia mbaya, sijui kufungua ukurasa mpya nikaupanga, kwa hiyo kila nikitaka kuandika tangazo nafungua faili lolote la zamani lililokaa vizuri, nafuta yaliyomo, naandika yangu, kisha nahifadhi kwa jina jingine, ndivyo ninavyofanya siku zote, na safari hii nikalichukua la baba kwa ajili ya hizo herufi kubwa, nikafuta yote, nikaandika "Mapazia ya Kila Rangi, Bei Poa", mteja akagonga mlango, nikahifadhi haraka haraka bila kubadilisha jina, nikazima.

Niliporudi nikalifungua tena. Mama mkwe mzima hayupo, kuna mapazia.

Hapo ningepaswa kusema, badala yake nikachomoa waya wa umeme wa kompyuta nikauficha chini ya vitambaa vyangu, nikamwambia baba imeharibika, mume wangu naye akaamini, akasema akipata nafasi ataipeleka kwa fundi. Kila alasiri baba bado anakwenda kukaa pale, anaifuta vumbi, anaondoka, na juzi akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, niwie radhi. Nadhani ni mimi niliyebonyeza vibaya. Mikono hii imezoea usukani." Mshauri, nilimjibu asijali. Ananiomba radhi mimi, nami namwambia asijali! Tangu hapo nikimpelekea chai natazama chini.

Nafikiria nimwandikie upya mwenyewe kimya kimya, maana mengi alikuwa akinisomea nikishona na nayakumbuka, na kwa macho yale huenda asigundue. Au nimwambie mume wangu, yeye ndiye amweleze? Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkwe Mwenye Aibu

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Kufuta ilikuwa bahati mbaya, na kama ungeishia hapo ningekupa pole tu nikakuelekeza kwa fundi. Lakini waya haukujificha wenyewe chini ya vitambaa, na lile jibu la "usijali" halikutoka kwa bahati mbaya. Aibu unayoiona ni halali yako, wala sitakupunguzia.

Hilo wazo la kumwandikia upya lifute, maana kufuta unajua. Unataka kumtungia mzee mke? Macho yamefifia, lakini mkewe anamjua, na mstari wa kwanza tu utakuumbua.

Kuhusu kompyuta, kule kuizima kumekusaidia bila wewe kujua, kwa sababu kila kinachohifadhiwa upya kinaweza kuyafunika zaidi maandishi ya baba. Kwa hiyo usiandike chochote humo. Ukiiwasha, bofya lile faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, utafute palipoandikwa matoleo ya awali, kwani kompyuta nyingine huweka nakala bila kuambiwa. Ukiipata nakala, ihifadhi kwenye flashi. Muulize pia baba kama aliwahi kumtumia mtu yeyote au kuchapisha hata kurasa chache. Usipoona kitu, zima, na mtafute fundi anayejua kurejesha mafaili. Mumeo akiipeleka kama kompyuta iliyoharibika, fundi anaweza kuisafisha yote aanze upya, na hapo ndipo mama mkwe atakapokuwa amefutika kweli. Uongo wako ndio unaompeleka huko, kwa hiyo mumeo naye aujue ukweli kabla hajaigusa.

Lakini yeye si wa kwanza kuambiwa. Leo alasiri baba akienda kukaa pale, mfuate na waya mkononi, usimtume mtu. Mwambie, "Baba, ni mimi," kisha umweleze lote, na hilo la waya pia. Akikasirika, vumilia. Akinyamaza, usikimbilie cherehani yako, kaa naye hapo hapo.

Siwezi kukuahidi kwamba maandishi yatarudi. Yasiporudi, na akikubali, yeye aseme na wewe uandike, kwenye ukurasa mpya, hata kama hutaupanga vizuri. Ila kumbuka kwamba sasa hivi mzee huyo anaamini amempoteza mkewe mara ya pili, tena kwa kidole chake mwenyewe. Faili kurudi au kutorudi, hilo ni la fundi. Hilo la kidole unaweza kumwondolea leo.