Vidonge vya Kutuliza

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini u mzima huko kazini. Mimi mwili hauna neno, na ule usingizi ulionikimbia tangu karakana yetu iungue umerudi. Vile vidonge vya kutuliza ulivyonishauri nimwombe daktari vimenifaa. Wifi yako anasema nakoroma kama jenereta.

Ila kuna jambo. Jumatatu mteja alilalamika kuwa geti nililomchomelea limepinda. Nasikia nilicheka, kisha nikampiga nondo tatu za kichwa. Nasema nasikia kwa sababu sikumbuki. Mafundi wenzangu ndio walionishika. Ameshonwa, nami nimemwomba radhi mpaka ulimi umekauka. Mimi, ambaye shuleni wewe ndiye uliyekuwa ukinipigania. Labda ni uchovu tu.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Hali zenu? Barua yako imenifikia leo, nami nakujibu papo hapo.

Unajua siku hizi unesi wangu uko kwenye utafiti wa dawa hizo hizo. Wengi zinawatuliza kweli. Wachache zinawageuza: hasira inakosa breki, na baadaye hawakumbuki kitu. Wiki jana mwalimu mmoja mstaafu, mtulivu kama maji ya mtungi, alimkaba nesi mwenzangu akamgongesha ukutani mpaka taya likavunjika. Nilipomvuta akaning'ata bega, nyama ikatoka. Saa moja baadaye aliomba chai, akaniuliza nani kaniumiza.

Nilijua haya hutokea nilipokushauri. Nilidhani kwako hayawezi kufika.

Usiache ghafla, utapata degedege. Nenda kwa daktari leo hii, umweleze yote, akupunguzie taratibu. Na wifi akakae kwao kwanza, nakusihi.

Dada yako

22 Aprili

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Barua yako ilichelewa siku mbili.

Wifi yako alinisihi nile chakula cha mchana. Basi, ni hilo tu. Nilimpiga kwa kiti, na kilipovunjika nikaendelea kwa mguu wa kiti hicho. Jirani yetu seremala ndiye aliyevunja mlango. Mkono wa wifi yako umevunjika mahali pawili, jicho la kushoto linaona ukungu. Nilizinduka nimefungwa kamba, nikimwita yeye aje anifungue.

Nililala mahabusu siku nne. Kesi itasomwa mwezi ujao. Daktari alinipunguzia dozi kidogo kidogo, na leo ni siku ya sita sijameza. Usingizi umeondoka, na ile hasira pia.

Jana nilikwenda kwao. Mama mkwe alisimama mlangoni, lakini wifi yako akasema niachwe niingie. Nilimsomea barua yako yote, pale pa mwalimu nikaparudia. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, maana midomo haijapona:

"Nimeelewa, ni dawa. Lakini mikono niliyoiona ni yako."

Niliitia mikono mfukoni asiione, nikatoka.

Mdogo wako