Chai ya Kuagana

Ijumaa, 4 Agosti 1972

Nazi mbili alfajiri. Tui zito la mkate wa kumimina, tui jepesi la mbaazi. Mchele niliuloweka jana. Leo Athumani anatoka Vingunguti kwa Rukia, anakuja kwangu Mtoni. Ndivyo ilivyo tangu alipomwoa yule binti mwaka jana: wiki kwake, wiki kwangu. Ijumaa hashoni. Anafunika cherehani yake sokoni, anabeba nguo zake, anahama.

Kafika saa nne. Kala kipande kimoja, kasema kashiba. Kabla ya adhuhuri tumbo limemkamata. Chooni, kitandani, chooni. Sala ya Ijumaa imempita. Safari iliyopita ilikuwa hivi hivi, na ya kabla yake pia. Nimefua shuka nikiwa nimenuna. Mume anakuja kwangu kuumwa tu?

Jumapili, 6 Agosti

Mzima wa afya. Asubuhi kala vitumbua mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Vyangu vinashika rangi nje, ndani laini, na iliki naitwanga mwenyewe. Chai ya rangi, tangawizi ya kuchoma koo. Maziwa hayaingii nyumba hii. Kwetu Kilwa nilikulia kwenye minazi, si kwenye zizi, na sijaona kitu kitamu kinachoshindwa kupikwa kwa tui.

Mchana akaja Wifi Tatu, dada yake Athumani. Hata hajakaa, anafunua masufuria yangu na kunusa.

"Kwa Rukia hana hata chafya," kaniambia. "Akivuka kizingiti chako tu, chali. Unampa nini kaka yangu?"

Nikamjibu nampa chakula. Akacheka kwa pua. Simpendi mwanamke huyu. Sikumpenda tangu siku ya harusi yangu.

Ijumaa, 11 Agosti

Kaondoka.

Kila mmoja wetu ana chai yake ya kuagana. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, lakini ukimtoa mume na njaa umempa mwenzio ushindi. Leo nimempa maandazi ya tui na mbaazi. Kisha ndizi mbivu za nazi, nimezipika taratibu hadi tui likazishika. Mwisho kaimati, shira inadondoka. Kalamba vidole kama mtoto. Katoka anaimba.

Haya. Mimi nimemuuguza, nimemrudishia nyama usoni, na Rukia anapokea mume mzima. Inaniuma sana.

Jumatano, 16 Agosti

Jana nilimpelekea Mama Hadija, jirani yangu wa ukuta mmoja, sahani ya visheti. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hata mtoto analijua. Unatia chochote, hata ndimu mbili, ndipo unairudisha.

Yangu imerudi leo. Si tupu. Ina visheti vyangu vile vile, hata kimoja hakijaguswa. Mama Hadija kaiweka mlangoni, kasema, "Watoto hawana hamu, dada," macho chini.

Kwa hiyo Wifi kashapita mtaa mzima. Mimi ni mchawi sasa. Nimekaa jikoni, nimevila vyote peke yangu kwa hasira. Vitamu. Wamejikosesha wenyewe, wajinga wakubwa.

Ijumaa, 18 Agosti

Kaja, na tumbo limeanza kunguruma barazani. Mara hii sikumwacha. Nimemuuliza: kwa Rukia leo umekula nini?

Anajikunja kama jongoo, lakini majivuno hayamwishi. "Chai ya maziwa matupu, Mama Zaina. Na tambi za maziwa. Shemeji ana ng'ombe wake wawili kule, kawanunua mwezi wa saba. Siku zote anauza, ila Ijumaa anamletea dada yake, basi mie naagwa kwa maziwa. Wewe kwako chai kavu mwaka mzima."

Ndipo nikakumbuka. Zaina wetu alipozaliwa tuliletewa kopo la maziwa ya unga. Baba mtu akayanywa yeye. Siku mbili hakutoka chooni, tukamcheka, na kopo nikaligawa. Sasa Zaina yuko Lindi na mume wake. Miaka yote hiyo Athumani hakuumwa tumbo ndani ya nyumba hii, kwa sababu kulikuwa na nazi tu.

Maziwa! Rukia anamnywesha saa mbili, anamsindikiza mlangoni kwa tabasamu, na tumbo linafumuka kwangu saa sita. Siku ya pili kapona, anakula vyangu, anarudi kwake anang'aa. Nimetamani kumnyonyoa nywele.

Wifi kaja alasiri. Anasema ugonjwa ukirudi tena ndugu watakaa kikao, na mimi nitapanda lori la Kilwa na talaka yangu mkononi. Kasema mbele ya Athumani. Athumani kageukia ukutani.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimemwambia Athumani: ni maziwa. Nimetumia lugha ya upole, nayo ilinigharimu.

Kafoka. Wivu, anasema. Chai kavu ni ya fukara, anasema, na mimi nataka afanane na fukara. Kila mtu duniani anakunywa maziwa, yeye ana nini?

Wifi kasikia, kaniambia mfa maji haachi kutapatapa.

Sisemi tena. Wataona.

Alhamisi, 24 Agosti

Usiku kucha nimewaza. Leo nimempikia Athumani uji wa mchele wa nazi, mlaini, sukari kidogo na chumvi ya kuamsha tui. Akiwa katikati ya bakuli la pili nikamwambia: jua la saa nne ndilo linalokuumiza ukihama. Kuanzia sasa hama baada ya magharibi, jua likiwa limetua. Kwangu hivyo, kwa Rukia hivyo, haki sawa.

Kaona ni huruma. Kakubali.

Na Wifi nimemwambia kwa ulimi wa asali: Ijumaa ya tarehe mosi nenda kwa Rukia mapema, ukaone kaka yako anavyonawiri kule.

Ijumaa, 25 Agosti

Kaondoka baada ya magharibi. Mkate wa kumimina ulikuwa na matundu kama sega. Mimi nimekula ukingo wake, pale palipokauka kidogo. Hakuna mahali patamu kama hapo.

Ijumaa, 1 Septemba

Isha imepita. Hajaja. Nimefunika sahani kwa kawa na kukaa barazani. Najua kwa nini hajaja.

Jumamosi, 2 Septemba

Wifi kamleta asubuhi, kamshika kwapa. Jana saa tano, mbele ya macho yake, ndani ya chumba cha Rukia, Athumani kalala chini anagugumia. Hajala kitu cha Mtoni wiki nzima.

Wifi kaniita "wifi yangu mpenzi."

Nimefurahi. Sitasema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Nimeingia jikoni nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Jumanne, 5 Septemba

Mambo yanajipa. Mchawi kahama Mtoni, kaenda Vingunguti. Wifi anazunguka: "Kwa Mama Zaina hana hata chafya. Yule binti anampa nini kaka yangu?" Maneno yale yale, hajabadilisha ila jina. Ndugu watakaa Ijumaa hapa kwangu, na Athumani ataambiwa amwache Rukia. Athumani yupo tu. Mume wa kuambiwa.

Mama Hadija kaomba visheti. Kaomba! Nimempa. Sahani imerudi na machungwa sita.

Sina la kufanya ila kunyamaza, na kila kitu ni changu. Wiki zote, mume wote. Nimejipikia ndizi za nazi kusherehekea, nikala vijiko viwili, nikaacha. Nimekumbuka nilivyokaa jikoni hapa na sahani iliyorudishwa. Rukia leo amekaa na nani?

Namchukia Rukia. Lakini si mchawi. Ni mjinga tu wa maziwa.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekwenda Vingunguti. Sijawahi kukanyaga pale. Harufu ya machinjio inakupokea kabla ya watu.

Kafungua mlango, kaniona, kashika ukingo. Macho yamevimba. Mabegi yake yako tayari karibu na kitanda. Ni mdogo kuliko nilivyomweka moyoni.

"Shikamoo, dada," kasema.

Nikamwitikia. Nikamwambia kwa mkato: maziwa yako ndiyo yanayomuumiza, hayamkubali tangu zamani, na mimi nimejua tangu mwezi uliopita. Kesho alfajiri kaka yako akileta, njoo nayo kwangu, yote.

"Mie nilikuwa namfurahisha," kasema, na kilio juu. "Kwetu mgeni bila maziwa hujampa kitu."

Nikamwambia anyamaze, machozi hayachemshi chai. Sikukaa kitako. Njiani nimejitukana kwa huruma yangu.

Ijumaa, 8 Septemba

Kaja mapema na maziwa, ushungi umemfunika uso. Tumepika pamoja. Chai ya maziwa birika kubwa. Tambi za maziwa sinia zima, iliki na zabibu. Yeye anapika vizuri, lazima niseme.

Ndugu wamekaa mkekani: Wifi, Athumani, na Mzee Mbwana, mume wa mama yao mdogo, aliyeletwa kuamua. Nikasimama.

"Hii ni chai ya maziwa. Nimepika mie na Rukia, birika moja, tunakunywa wote. Kabla ya adhuhuri Athumani ataumwa. Asipoumwa, nitapanda lori la Kilwa mwenyewe."

Athumani katabasamu, kashushia vikombe vitatu ili anikomeshe. Wifi viwili, na tambi kachota mara mbili, maana hapati maziwa kila siku. Mzee Mbwana kanywa. Rukia kanywa. Mimi nimekunywa, inanuka zizi, lakini imetulia tumboni.

Tukangoja. Saa tano Athumani kabadilika rangi. Kanyanyuka. Nami nikajikaza kumngoja Wifi aanze kelele.

Hakuanza. Alikuwa kajishika tumbo. Jasho kwenye mdomo wa juu. Kanyanyuka naye, na choo changu ni kimoja. Nimemsikia Wifi Tatu akibisha mlango wa bati kwa ngumi mbili, "Athumani, toka! Toka, kaka, nakufa!"

Mzee Mbwana kacheka mpaka kofia ikaanguka. "Marehemu baba yao alikuwa hivyo hivyo," kasema. "Maziwa na yeye paka na panya. Ukoo mzima wa kwao, na wao wanatafuta mchawi!"

Rukia kacheka chini ya ushungi. Mimi nimecheka wazi. Wifi alipotoka nimempa chai ya tangawizi, kavu, na kikombe nimekishika mwenyewe hadi kaimaliza. Hakuniangalia. Talaka haikutajwa tena, si yangu wala ya Rukia.

Jumanne, 12 Septemba

Kimya. Athumani yuko Vingunguti. Wifi anaumwa mguu, anasema, ndiyo maana hapiti.

Ijumaa, 15 Septemba

Kaja asubuhi, tumerudisha saa ya zamani. Tumbo shwari. Kaenda kusali. Ananung'unika kwamba sasa ni fukara wa nyumba mbili, chai kavu huku, chai kavu huko. Kanung'unika huku anamalizia kitumbua cha mwisho.

Mkononi alikuwa na sahani imefunikwa kwa kitambaa. Kutoka kwa Rukia. Tambi za nazi. Kaacha tui lichemke bila kukoroga, limekatika, mafuta yanaelea. Sukari nyingi mno. Iliki kaisahau.

Nimezila zote barazani, peke yangu, polepole.

Bado simpendi. Sahani nimeiosha, nimeianika. Ijumaa ijayo Athumani ataondoka nayo, na haitarudi tupu. Nimeshaloweka mchele wa mkate wa kujaribia.