Mla Mbwa wa Mama Kasiana

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Otto Kiwele. Umri: miaka 47. Kabila: Mhehe. Kazi: kibarua wa kupakia magunia ya mahindi. Makazi: Bombambili, Songea. Elimu: darasa la nne.

Kwetu ni Kilolo, Iringa. Hapa nimepanga kwa Mama Kasiana Mapunda, Mngoni, mjane. Wahehe na Wangoni ni watani, nao hututania kwamba tunakula mbwa. Nikirudi kazini mgongo umekufa namwamkia shikamoo, naye hujibu, "Marahaba, mla mbwa. Nawa ule." Namwambia babu yake alimkimbia babu yangu akaacha ngao. Anacheka, ananiongezea mboga.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2025 mchana tulikwenda naye mkutano wa mgombea udiwani. Makarius, kiongozi wa kikundi kinachojiita Wazawa, alikuwa meza kuu. Mwaka jana alikuwa akisema vilabuni kwamba wakuja tufukuzwe, watu wanamwambia kaa chini. Siku hiyo mgombea alimshika mkono akasema, "Huyu ni kijana wetu." Makarius akapewa kipaza sauti, akasema, "Wala mbwa warudi kwao. Na wanaowapangisha tunawajua."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikijua ni utani. Mama Kasiana hakucheka. Aliniambia, "Otto, yule hatanii. Mtani husubiri ajibiwe. Umeona yeye amesubiri umjibu?"

Kesho yake saa kumi jioni Makarius alifika nyumbani na wenzake wawili. Mwaka jana walitubandikia karatasi za vitisho gizani. Safari hii walikuja kweupe, wamevaa kofia za mgombea, na majirani waliwaamkia. Makarius alimwambia Mama, "Mtoe huyu kabla ya Ijumaa, la sivyo nyumba itaungua. Mheshimiwa yuko na sisi."

Mama alisimama mlangoni na mwiko wa ugali. Akasema, "Mhehe huyu ni wangu. Siku ya kumfukuza nitamfukuza mwenyewe, akishakula."

Makarius alimsukuma. Alianguka, akavunjika mkono wa kushoto. Makarius akasema, "Mama naye, utani tu huu," wakaondoka. Hakuna jirani aliyetoka.

Nilipomwinua nilikuwa nalia. Akaniambia, "Nyamaza, mla mbwa. Mkono ni wangu, unalia wewe?"

Nilimleta hapa kituo cha polisi tukapewa PF3 ya matibabu, nikampeleka hospitali. Naogopa moto, lakini sihami. Nikihama, watakwenda nyumba ya pili. Na ugali atasongewa na nani kwa mkono mmoja?

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu yote, sina la kupunguza.

Sahihi: O. Kiwele

Maelezo yameandikwa na mimi, Koplo Lidwina, tarehe 16 Septemba 2025. Shahidi ameomba neno "mla mbwa" likiwa la Makarius liandikwe tusi, na likiwa la Kasiana Mapunda liandikwe utani. Nimemuuliza kama anataka la Kasiana lifutwe kabisa. Amekataa. Bi. Kasiana, aliyekuwa kwenye benchi nje, amemwita kwa neno hilohilo waende nyumbani, naye ameitika.