Nilimwambia Mkwe Nimeshiba, na Njaa Ilikuwa Inaniuma

Mshauri Ednah, wewe ndiwe uliyeniletea haya, kwa hivyo usijifanye mgeni. Si ni wewe uliandika hapa gazetini ati wachumba wakitaka wazazi wajuane wawapeleke hotelini, mahali pasipo kwa mtu? Kwani nyumba yangu inavuja? Mjukuu wangu Makandi, mwalimu, niliyemlea tangu mama yake afariki, alisoma hayo akayaamini kama Injili, akatupeleka mimi na Mzee Mithika, baba ya mchumba wake Kithinji, kwa hoteli ya Kithai hapa Meru mjini, Kithai gani na mpishi ni kijana wetu wa hapo Muthara, lakini tuliketi.

Meza ni ya mviringo, mabakuli yanawekwa katikati, kila mtu anachota. Mimi nililelewa kwamba wakwe hawatafuni wakitazamana, hiyo ndiyo heshima, na shule sikupita darasa la pili lakini hilo halikuhitaji mwalimu. Basi nikasema, "Nimeshiba." Mzee Mithika akatazama samaki mzima amelazwa juu ya ndimu, akameza mate, akasema, "Hata mimi nilikula nyumbani." Tukanywa maji. Watoto wakala peke yao wameinama kama wako matangani. Tangu hapo Makandi anasema nimemkataa Kithinji, Kithinji anasema baba yake amemkataa Makandi, siku ya kuletewa asali ya uchumba ikapita bila mtu, na sasa msichana ameomba uhamisho akafundishe mbali huko Siakago, Ijumaa anatia sahihi.

Sasa naomba msaada, na usicheke. Jumanne moja baada ya kuuza ndizi nilirudi kwa ile hoteli, kuangalia tu kama ni safi. Nikaletewa supu ya kuku na nazi. Nilikunywa bakuli mbili. Jumanne iliyofuata nikaangalia usafi tena. Wiki jana nikainua kichwa, nyuma ya nguzo nikaona kofia ninayoijua, na chini ya kofia tambi zinaning'inia mdomoni. Mithika! Akajificha kwa menyu, ameishika kichwa chini. Mimi nikafunika bakuli kwa leso. Hakuna aliyetaka kupita mbele ya mwenzake kuelekea mlangoni, tukakaa mpaka mhudumu akauliza kama tunangojea gari. Nikisema uchumba uendelee, huyo mzee atasema nimenunuliwa kwa supu. Nifanyeje msichana asiende, na mimi nisiaibike? Nijibu haraka, na usinikemee, nimekushinda umri.

Shosho wa Mitunguu

Shosho, nitakukemea. Hoteli nilishauri mimi, hilo nakubali, unisamehe. Lakini kunyamaza wiki zote hizo hukufundishwa na gazeti. Haya yako ya kula mbele ya mkwe naielewa. Nyanya yangu kule Embu alikuwa akila ameupa mlango mgongo akisikia sauti ya mkwe. Ila sisi wajukuu alituambia kwa nini. Makandi wako hajui lolote kuhusu heshima hiyo. Alichoona ni wewe kusukuma sahani. Ulimlea, hukumwambia, halafu unamshangaa kwa kutojua!

Na Mzee Mithika unamwogopea nini? Angekudharau angefuta mdomo akapita mbele yako akaenda zake. Alikaa pale na tambi zake zikipoa kwa sababu anakuheshimu kama unavyomheshimu. Akikutangaza, ataanza kwa kusema yeye alikuwa wapi?

Kuhusu kutoaibika, utaaibika, shosho, kidogo. Utapona. Binti akifunga mizigo akiamini aliyemlea hamtaki mchumba wake, hilo supu haitaliponya.

Leo ni Jumatano. Usimtume mtu, usipige simu. Funga ndizi zako mapema. Shuleni kwa Makandi wanatoka saa kumi. Uwe langoni saa tisa na nusu. Mwambie kwa mdomo wako kwamba siku ile ulikuwa na njaa ila heshima ya wakwe ilikuzuia, na kwamba Kithinji hukumkataa hata kidogo. Sherehe ya asali ifanyike kwako: Mzee Mithika ale sebuleni, wewe jikoni, na kila mmoja atafune kwa raha. Usiondoke hapo langoni kabla Makandi hajampigia Kithinji, na siku ya kuleta asali uitaje wewe.